Kila Kitu Kiko YouTube, na Hiyo Ndiyo Shida

Kuna sentensi moja imekula muda wa vijana wengi kuliko uvivu wowote: "Siku hizi huhitaji mwalimu, kila kitu kiko kwa intaneti." Utaambiwa na mjomba kwa harusi, utaambiwa na msemaji wa semina, utaambiwa na jamaa wa TikTok amesimama mbele ya gari ambalo si lake. Na wewe umemaliza chuo, digrii iko kwa bahasha ya kaki, kazi haionekani, HELB wanangoja pesa yao. Unaamini. Unachukua simu, unaandika jina la kitu unachotaka kujifunza, na unaletewa video elfu kumi.

Sibishi. Kweli kila kitu kiko huko. Ninachobisha ni hii tabia ya kusema hivyo kana kwamba ni habari njema tu, halafu mtu akizama tunamwambia hana nidhamu.

Tupige hesabu kidogo. YouTube wenyewe walishasema watu hupakia zaidi ya saa 500 za video kila dakika. Dakika moja tu. Najua nyingi ni mahubiri, mpira na paka. Basi tuseme katika hizo 500, saa moja pekee ndiyo inagusa somo lako. Siku ina dakika 1,440. Hiyo ni saa 1,440 za somo lako zinazoongezeka kwa siku moja, yaani siku 60 za kutazama bila kulala, bila kula, bila kwenda kuteka maji. Kesho zinaongezwa zingine 60.

Sasa niambie, hapo nidhamu itasaidia nini? Ile hisia unalala nayo, kwamba uko nyuma, kwamba wenzako wanajua vitu wewe hujui, ni hesabu tu. Utakuwa nyuma leo, kesho na hadi siku ya kuzikwa. Yule unayemwogopa pia yuko nyuma. Hakuna mtu amewahi kufika mbele ya hiyo kitu.

Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyepata Nobel ya uchumi 1978, aliliona hili mapema, mwaka wa 1971, kabla hata kompyuta hazijaingia nyumbani kwa watu. Hoja yake kwa maneno yangu: habari hula umakini wa anayezipokea, kwa hivyo habari zikijaa, kitu kinachoadimika ni umakini. Miaka zaidi ya 50 baadaye bado tunaelekezwa mahali pa kupata habari zaidi. Mtu anazama na wewe unampa maji ya kunywa.

Chuo kilikupa kitu ambacho hukukiona

Kutukana chuo ni mchezo wetu. Noti za manjano, lekchara anasoma silaidi za miaka kumi iliyopita, darasa la watu 300. Nakubali mengi ya hayo. Lakini kuna kitu kimoja chuo kilikuwa kinafanya kila muhula na hakuna aliyekishukuru: kilikuwa kinakuondolea vitu.

Silabasi ni hiyo. Mtu amekaa na somo lenye vitabu mia mbili, akaacha nje karibu vyote, akakuachia mada 12 na tarehe ya CAT. Hukuwa unaamka asubuhi ukijiuliza kama hesabu za takwimu ndizo za kusoma wiki hii ama kuna kitu kipya kimetoka. Uamuzi ulikuwa umeshafanywa. Wewe kazi yako ilikuwa kusoma na kulalamika.

Tena angalia hata wale waliokuwa wanaiba mtihani. Mwakenya ni karatasi ya kutoshea kiganjani. Kuiandika ilibidi mtu akae chini, apitie noti zote, aamue ni mistari gani 15 inabeba muhula mzima. Wengine wakimaliza kuiandika walikuwa wameshaelewa, hawakuitoa hata mfukoni. Sisemi watu waibe mtihani. Nasema hata mwizi wa mtihani alikuwa amechagua, na wewe mwaminifu wa leo umefungua kurasa 40 kwa laptopu moja na hujachagua chochote.

Ukimaliza chuo, maarifa hayapotei. Kinachopotea ni ukuta. Unatoka kwa boma lenye lango moja unaingia uwanda usio na mti, halafu unaambiwa "uko huru sasa, kimbia." Kukimbilia wapi?

Na usidhani tatizo ni kwamba video ni mbaya. MIT walitangaza 2001 kwamba wataweka masomo yao bure kwa intaneti. Harvard wana CS50, kozi ya misingi ya kompyuta ya David Malan, moja ya bora kabisa duniani, na ni bure. Mwaka wa 2019, watafiti Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha kwa jarida la Science hesabu za kozi za mtandaoni za hivyo vyuo viwili. Kwa mwaka wa masomo wa 2017 hadi 2018, katika kila watu 100 walioingia kozi, waliomaliza walikuwa karibu 3. Sawa, wengine walijiandikisha kuchungulia tu. Lakini walimu ni wa Harvard na MIT! Kama ubora wa somo ndio ungekuwa dawa, hiyo namba haingekuwa 3.

Kichwa chako si stoo

Mwaka wa 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili inaweza kushikilia vitu saba hivi kwa wakati mmoja, ongeza ama punguza viwili. Nelson Cowan akaja 2001 akapunguza zaidi: ukiondoa mbinu za kupanga vitu kwa mafungu, ni kama vinne. Vinne! Sasa wewe asubuhi umeangalia Python, saa sita umeingia klaudi, jioni usalama wa mitandao, usiku kabla bando haijakatika umetazama jamaa akieleza jinsi ya kujenga akili bandia kwa dakika kumi. Kichwa ni mkono. Umeshika mayai manne, unaongezewa trei nzima, halafu unashangaa yanaanguka.

Kibaya zaidi, kutazama kunadanganya. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja likakisoma tena, lingine likafunga karatasi na kuandika lile linalokumbuka. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio walibaki na zaidi.

Soma hiyo tena, maana ndiyo siri ya biashara yote ya video za kujifunza. Dakika tano baada ya video uko juu, unajiona umeelewa. Mwalimu ameandika programu, imekubali mara ya kwanza, kila kitu kinateleza. Unaweka alama, unaenda video ya pili. Wiki inaisha, unafungua ukurasa mtupu uandike mwenyewe, na hakuna kitu. Ndio unasema "wacha nitafute video nyingine inayoeleza vizuri." Maze, ile ya kwanza ilieleza vizuri. Kazi ya kukumbuka ndiyo hukufanya, na hiyo hakuna video itakufanyia.

Nani anafaidika ukizama

Hapa nitakosana na wenzangu wa kutengeneza video. Haidhuru.

Kila wiki naombwa ramani. "Tupatie ramani ya kuwa mtaalamu wa data kwa miezi mitatu." Sijawahi kuitoa na sitaitoa, hata kama najua ingenipa watazamaji wengi kuliko posti hii. Ramani zinazozunguka ziko hivi: Excel, Python, SQL, takwimu, Power BI, Tableau, ujifunzaji wa mashine, klaudi, Docker, Kubernetes, halafu kwa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, "na ujue kuongea na watu." Hiyo si ramani. Ramani inaonyesha njia ya kutoka hapa kwenda pale. Hiyo ni orodha ya miji yote ya dunia, na umeambiwa utembee.

Chukua Kubernetes tu. Ilitoka Google, ikafunguliwa kwa umma 2014. Kazi yake ni kusimamia programu zinazoendeshwa kwa mashine nyingi kwa pamoja, ikigawa mzigo, ikianzisha upya zinazokufa. Ni kitu kizuri kwa kampuni yenye mashine mia. Wewe una laptopu moja ya mtumba, chaji haishiki, na unaibeba na waya. Unasimamia mashine gani?

Lakini mwenye video hapati hasara ukichanganyikiwa. Anayechuma kwa kutazamwa anakuhitaji urudi. Mwanafunzi aliyemaliza haangalii tena, yuko kazini. Mwanafunzi aliyechanganyikiwa ni mteja wa kudumu: leo atatazama "Usijifunze Python", kesho "Kwa nini lazima ujifunze Python", na zote mbili zinaweza kuwa za mtu mmoja. Na wale wa kuuza kozi kwa punguzo linaloisha usiku wa leo? Rudi kesho usiku uone kama limeisha.

Sisemi wote ni wezi. Wengi ni vijana kama mimi wanaotafuta unga. Nasema mfumo unalipa wingi, na wewe unahitaji uchache. Hapo lazima mgongane.

"Lakini teknolojia inabadilika haraka"

Hii ndiyo fimbo wanayotuchapia. Ukilala umeachwa. Haya, tuangalie nini hasa hubadilika.

Edgar Codd aliandika wazo la kupanga data kwa majedwali yanayohusiana mwaka wa 1970. SQL, lugha ya kuuliza hayo majedwali maswali, ikawekwa kuwa kiwango rasmi Marekani 1986. Leo bado iko chini ya mabenki, mahospitali na maduka. TCP/IP, kanuni za kusafirisha data kati ya kompyuta, zilianza kutumika rasmi kwa ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Video unayotazama leo bado inaletwa na kanuni za IP, zile zile za ukoo huo. Python ilitoka 1991. Linux pia 1991. Hivi vitu vina umri wa wazazi wetu, vingine wa nyanya zetu.

Kinachobadilika haraka ni rangi ya juu. AngularJS ilitoka 2010. React ikaja 2013, Vue 2014. Mwaka wa 2016 Angular ikaandikwa upya, na aliyekuwa amekesha kujifunza ile ya kwanza akaanza karibu upya. Mwanzoni mwa 2022 ile ya zamani ikawa haiungwi mkono tena. Msee aliyetumia miaka hiyo kujua JavaScript yenyewe kwa undani alihama kutoka moja hadi nyingine bila kulia sana. Aliyekariri fremuweki alizikwa nayo.

Kwa hivyo ukiambiwa kitu kinabadilika kila mwezi, hiyo ni sababu ya kutokimbilia kukijifunza. Kama ni muhimu, mwaka ujao kitakuwa bado kipo. Kama hakitakuwepo, umeokoa bando.

Vile fundi hufundishwa

Nenda Grogan pale Nairobi, ama Kamukunji kwa wanaogonga mabati. Hakuna kijana wa kujifunza makanika anayeonyeshwa magari 40 siku ya kwanza. Anapewa spana, anaambiwa afungue gurudumu. Kesho tena gurudumu. Baadaye breki. Anajifunza injini siku ambayo kuna gari la mteja limezima na fundi amelala chini yake anaita, "Leta ile ya kumi na nne." Kila kitu anachojifunza kina gari, kina mwenyewe, na kina saa ambayo mwenyewe anarudi.

Sisi tuliosoma tumejifanya tuko juu ya hiyo njia. Tunataka tumalize nadharia yote kwanza ndio tuguse kazi. Halafu tunakaa miaka miwili bila kugusa.

Acha nitoe mfano, usije ukasema napiga tu kelele. Tuseme umesoma uchumi, unataka kuingia mambo ya data. Achana na ramani. Tafuta chama, cha mama yako, cha shangazi, cha wamama wa soko. Wana daftari. Wanachama kumi, kila mmoja shilingi 1,000 kwa mwezi, na mikopo juu yake. Chukua SQLite. Ni ya bure, ilianzishwa na Richard Hipp mwaka wa 2000, hifadhidata yote inakaa kwa faili moja, na iko ndani ya simu yako ya Android saa hii unaposoma. Haihitaji intaneti. Tengeneza majedwali matatu: wanachama, michango, mikopo.

Sasa mweka hazina anakuuliza swali la kawaida kabisa: nani hajalipa mwezi wa tatu? Unafungua jedwali la michango. Unaona waliolipa. Ambaye hajalipa hayumo, kwa sababu hajalipa! Unakuna kichwa. Baadaye unagundua lazima uanze na jedwali la wanachama, uunganishe na michango, uchukue wale ambao upande wa pili wametoka tupu. Kwa SQL hiyo ni LEFT JOIN. Umeielewa sasa, na hutaisahau, kwa sababu uliihitaji kabla ya kujua jina lake.

Swali la pili: kila mtu amechanga jumla ya ngapi na amekopa ngapi? Unaunganisha majedwali yote matatu kwa mpigo, unajumlisha. Mama mmoja amechanga mara tatu, yaani 3,000, na amekopa mara mbili. Jibu lako linasema amechanga 6,000. Amefurahi sana, mweka hazina amekasirika. Nini kimetokea? Michango mitatu imekutana na mikopo miwili, kila mmoja na kila mmoja, zikawa safu sita. Kila mchango umehesabiwa mara mbili, na kila mkopo mara tatu. Dawa ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwanza, ndipo uunganishe. Hili ni kosa ambalo hutokea kwa kampuni kubwa pia, na pesa zinatoka vibaya kwa ripoti. Siku ya intaviu ukieleza hilo na vile ulivyoligundua, umeongea kama mtu wa kazi.

Umejifunza mada ngapi? Mbili tatu. Kwa wiki ngapi? Labda nne. Na video za kukuelekeza ulihitaji chache, tena ulizitafuta ukijua swali lako ni lipi. Hapo ndipo YouTube ni dhahabu: ukiingia na swali moja mkononi na kutoka likijibiwa.

Mnaobisha, njooni

"Waajiri wanataka vitu 15 kwa tangazo." Kweli, matangazo yameandikwa hivyo. Mengine yanataka mtu wa miaka 24 mwenye uzoefu wa miaka kumi. Hayo ni maombi ya mwajiri kwa Mungu. Lakini chumba cha intaviu kina maswali machache, na swali moja haliepukiki: umefanya nini? Mwenye vyeti 11 vya kutazama video na mwenye kitu kimoja kinachofanya kazi hawajibu sawa.

"Je, nikichagua kitu kisicho bora?" Buda, tofauti ya kitabu cha kwanza na cha tatu kwa ubora ni ndogo. Tofauti ya kitabu kilichomalizwa na vitano vilivyoanzwa ni maisha. Aliyeelewa kitanzi, masharti na kazi za programu kwa lugha moja anahamia nyingine kwa wiki kadhaa. Anayeruka ruka kila mara huwa kwenye sura ya pili.

"Siku hizi kuna AI, unauliza tu." ChatGPT ilipotoka Novemba 2022, nilidhani wingi umeisha, kumbe umehamia nyumba nyingine. Hiyo kitu inajibu ulichouliza. Haikuambii acha kuuliza, kalale, hujafanya zoezi la jana. Ukiomba mpango wa masomo kumi itakupa kumi, ukiomba mia itakupa mia, kwa heshima sana. Itumie kama mtahini: andika jibu lako kwanza, halafu iulize umekosea wapi. Ukiiachia ipike, wewe utabaki mtu wa kuonja tu.

"Elimu ni bahari." Ndiyo, na wahenga waliosema hivyo waliishi kando ya bahari. Mvuvi wa Lamu haendi kuleta bahari nyumbani. Anajua samaki anayemtaka, wavu unaomfaa na saa ya maji kujaa. Anarudi na kikapu.

Basi fanya hivi

Sitakupa ramani, nimeshasema. Nitakupa ukuta, ujenge mwenyewe.

Moja, chagua kazi, siyo somo. "Nataka kujua data" si kazi. "Daftari la chama lijibu maswali manne" ni kazi. Kama huwezi kumtaja mtu atakayeitumia, bado hujachagua.

Mbili, chanzo kimoja kikuu, kwa miezi mitatu. Kama ni Python, kuna Think Python cha Allen Downey na Automate the Boring Stuff cha Al Sweigart, vyote viwili vinasomwa bure mtandaoni. Chukua kimoja. Nimesema kimoja. Maelezo rasmi ya Python pia unaweza kuyapakua ukasoma bila bando. Hii bando ya kuisha saa sita usiku ndiyo inakufanya ukusanye kila kitu kama unahama nyumba.

Tatu, andika orodha ya vitu ulivyokataa. Ndiyo, kwa karatasi, kwa ukuta. "Mwaka huu sijifunzi klaudi. Sijifunzi Docker. Sijifunzi usalama wa mitandao." Kitu kipya kikitokea na moyo ukaruka, kiandike hapo na tarehe. Baada ya miezi mitatu pitia orodha. Vingi utakuwa umesahau kwa nini ulivitaka.

Nne, kila dakika 20 za kutazama zilipwe na dakika 40 za kufanya ukiwa umefunga video. Funga kabisa. Ukikwama, kwama kwanza, robo saa nzima, ndipo ufungue.

Tano, Jumapili mweleze mtu kwa Kiswahili ama kwa lugha ya nyumbani kile umejifunza. Dada yako, mtu wa boda, yeyote. Maneno mengi ya Kiingereza hutuficha. Unaweza kuyatamka mwaka mzima bila kujua yanamaanisha nini. Ukimweleza mama chama ni kwa nini 3,000 ilionekana 6,000 na akaitikia, umeelewa. Ukianza kusema "yaani ni kama hiyo kitu... ya hizo data...", rudi ukurasa wa jana.

Sita, ondoka kwa magrupu ya linki. Yale ya Telegram na WhatsApp yenye faili 900 za vitabu. Hakuna mtu amesoma hata kumi, wanapeana tu uzito. Baki na watu wawili mnaoonyeshana kazi kila wiki.

Utapitwa na vitu? Sana. Utapitwa na mambo mengi mazuri, na hiyo ndiyo bei. Mtu aliyejua kitu kimoja vizuri amepitwa na vingine elfu kwa makusudi, na analala usingizi.

Na kwa wenzangu wenye kamera: kabla hujapakia "Vitu 25 vya kujifunza mwaka huu", jiulize kama wewe mwenyewe unavijua vitano. Kama huvijui, tengeneza video moja ya kitu kimoja unachokijua hadi mwisho, na umalizie kwa kusema, "Sasa zima simu, kafanye." Watazamaji watapungua kidogo. Kuna kijana mahali, Kitale ama Voi, atapata kazi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, usihifadhi hii posti pamoja na zile zingine 600. Niandikie hapa chini kazi moja uliyochagua na vitu vitatu ulivyokataa. Halafu funga simu.